"Jana mulikula nini?" Je, swali hili linafaa kuamua nani ana njaa Bukavu?

Papa wa Nyawera (ameanzisha mjadala):

Wiki iliyopita watu wa ankete, wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali ya utafiti, walipita kwenye avenyu yetu, vijana wawili wenye tableti. Kwa jirani yangu walikaa karibu saa nzima. Jana mulikula nini asubuhi? Na mchana? Siku saba zilizopita samaki mara ngapi? Mafuta je? Sukari? Walipoondoka nikamuuliza jirani amejibu nini. Akacheka: "Nimesema bugali na sombe ya majani ya muhogo, basi. Ningetaja sambaza, wale samaki wadogo, wangeniandika?"

Simlaumu. Kuna shirika moja, silitaji, liliwahi kuuliza hivyo hivyo mtaani, na baada ya mwezi majina ya wenye jetoni za kuchukulia msaada yakatoka. Waliokuwa wamejibu kwa kujisifu hawakuitwa. Mtaa mzima ulishika somo siku hiyo.

Mimi nasema majibu ya mdomo yasitumike kuhesabu chakula cha watu, sembuse kuchagua nyumba ya kusaidiwa. Na msifikiri ni uongo wa maskini. Mwaka 1992 huko Marekani walichunguzwa watu wanene waliodai wanakula kidogo lakini hawapungui. Walipopimwa, ikaonekana walichotaja kilipungua kwa asilimia 47 kuliko walichokula. Mwaka 2003 ukatoka utafiti mwingine wa huko huko, uitwao OPEN, safari hii kwa watu wazima wa kawaida. Walinyweshwa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha mkojo wao ukapimwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Tofauti ya kasi ambayo haidrojeni na oksijeni hizo zinatoka mwilini inaonyesha nguvu ambayo mwili umetumia, na kama uzito wa mtu haujabadilika, nguvu iliyotumika ndiyo iliyoliwa. Kwa swali la "jana ulikula nini", wanaume walitaja pungufu kwa asilimia 12 hadi 14, wanawake 16 hadi 20. Kwa fomu ya "huwa unakula hiki mara ngapi", pengo lilipita asilimia 30 kwa wote. Na hao hakuna aliyekuwa anangoja jetoni!

Nilikuwa Mpimaji:

Papa, kazi hiyo nimeifanya miaka minne, Bagira na Kabare, kwa hiyo ruhusu nikuonyeshe jirani yako alichofanya. Hesabu ya siku saba inakwenda hivi: kila kundi la chakula lina uzito wake, unazidisha na idadi ya siku. Bugali 2, mboga 1, maharagi 3, nyama au samaki 4, maziwa 4, mafuta nusu, sukari nusu. Tuseme nyumba inakula bugali, sombe na mafuta kila siku. Ni 14, na 7, na 3 na nusu, jumla 24 na nusu. Ukiongeza sambaza siku tano unaongeza 20, unafika 44 na nusu. Kwa kipimo kinachotumika mara nyingi, kupita 35 ni hali inayokubalika, na kati ya 21 na 35 uko mpakani. Yaani kwa kufunga mdomo juu ya sambaza tu, nyumba imehama kundi. Jirani hakusoma fomu lakini aliijua kuliko sisi.

Ila kilichonisumbua zaidi ni neno lenyewe "kula". Hapa kwetu, mtu ambaye hajagusa bugali hajala. Nimewahi kukaa na bibi mmoja Kabare, akaniambia tangu asubuhi hajala. Nikaanza kuchokonoa polepole. Alikuwa amekunywa uji wa sosoma, akamenya viazi viwili vya jana, akatafuna muhindi wa kuchoma akitoka shambani, akaonja maharagi jikoni mara tatu nne. Hakunidanganya hata neno moja. Uji unakunywewa, muhindi unatafunwa, maharagi yalionjwa. Fomu iliuliza kula. Na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, je? Ndizi nzima nzima zimo ndani ya ile chupa, lakini nani ataitaja kwenye chakula?

Ndiyo maana tulifundishwa kupita mara kadhaa: kwanza mtu aeleze siku yake bila kukatizwa, halafu unarudi kwenye vile vinavyosahauliwa, halafu ndipo kiasi. Kwenye kiasi ndipo nilipokuwa natoka jasho. Watu watano, sinia moja, kila mmoja anamega upande wake. Unga nitaujua kwa kopo la maziwa ya Guigoz tunalopimia, sawa. Lakini mtoto wa miaka mitatu alimega kiasi gani? Na kuna kanuni kwamba samaki asiyefika gramu 15 asihesabiwe kama samaki, huyo ni kiungo tu. Nimeshawahi kuona sombe ya watu saba ina sambaza wa kuhesabika kwa vidole. Mama anasema kwa moyo safi, "tulikula samaki."

Mama wa Kadutu:

Ninyi munaongea kama vile kila mtu anapunguza. Kuna wanaoongeza. Kijana wa umri wa mtoto wangu ameketi kwenye kiti changu, majirani wamejaa mlangoni, nimwambie watoto walilala na chai ya rangi? Nitasema maharagi. Afadhali nikose jetoni.

Na tena wanamuuliza papa wa nyumba. Papa anajua nini? Anajua sahani iliyofika mbele yake.

Mwanafunzi wa Takwimu:

Mama amesema jambo kubwa. Watu wengi hufikiri makosa ya huku na ya kule yatafutana tukiuliza watu elfu. Yanafutana kama yametawanyika ovyo, mfano mtu aliyekula vizuri jana kwa sababu kulikuwa na matanga. Kwa hilo unarudia swali siku nyingine, wastani unatulia. Lakini pale ambapo mtaa mzima umeegemea upande mmoja, ukiuliza elfu kumi unapata uongo uleule ukiwa na uhakika zaidi. Mbaya zaidi ni kulinganisha Kadutu wanaoona aibu na avenyu ya Papa wanaongoja jetoni. Tofauti itaandikwa kwenye ripoti kama tofauti ya njaa.

Muuguzi, njia ya Lwiro:

Basi acheni maneno, pimeni mwili. Mkanda wa kupima mzunguko wa mkono haujui jetoni. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya milimita 115, ana utapiamlo mkali, mama aseme asemavyo.

Nakubali mkanda nao una upofu wake. Mtoto wa kwashiorkor anavimba, mkono unaonekana mnene, kwa hiyo lazima ubonyeze miguu uone kama shimo linabaki. Na Kivu yetu hii kwashiorkor tunaijua vizuri.

Lakini kumbukeni Idjwi, kisiwa cha ziwa letu la Kivu. Miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikuta kaskazini ya kisiwa goita, ule uvimbe wa shingo, imejaa, kusini-magharibi ni chache, na kumbe upungufu wa ayodini ulikuwa sawa pande zote mbili. Walipopima damu na mkojo ndipo ikaonekana alama ya sumu ya muhogo, ile inayozuia tezi kuchukua ayodini. Mkojo ndio ulisema.

Nilikuwa Mpimaji:

Muuguzi, mkojo ulisema kuna thiosayaneti, ndiyo hiyo alama unayosema. Kwamba imetoka kwenye muhogo, na si mahali pengine, ilibidi mtu ajue watu wa kule wanakula nini. Na mkono ukishafika milimita 115 umechelewa. Tena hautakuambia kama ni njaa, malaria au kuhara. Mama akikuambia "tangu mwezi wa tisa tumeacha maharagi", amekuonya mapema.

Papa wa Nyawera:

Hapo umenibana, nakubali. Nimesema yasitumike kabisa, narudi nyuma hatua moja: tuulize aina za vyakula, tuache kuzigeuza kalori. Mtu anaweza kusahau kiasi cha maharagi, kusahau kwamba ameacha maharagi ni vigumu. Lakini kwenye kuchagua nyumba sirudi nyuma. Anayeuliza asiwe anayegawa.

Nilikuwa Mpimaji:

Tulijaribu kuwaambia hivyo. "Mama, sisi hatuna msaada, ni utafiti tu." Anatikisa kichwa kwa heshima, halafu anaangalia gari tulilokuja nalo. Ni lilelile lililoleta unga.

Mama wa Kadutu:

Haya, mimi sina cha kungoja humu, wala hamuoni sura yangu. Andikeni. Jana asubuhi chai na mandazi mawili. Mchana hakuna. Usiku bugali ya muhogo, lengalenga, sambaza wa kukaanga, watu sita. Nimemaliza, na ni kweli tupu.

Jirani ya Mama:

Yaya, na parachichi tulilogawana sokoni? Na ile miwa?

Mama wa Kadutu:

Aa! Nimesahau kabisa. Lakini miwa naye ni chakula?