MREJESHO: Kuumia kazini na kuachishwa kazi, moja nimepata, moja nimekosa

Wakuu, ni mimi niliyekatwa vidole viwili vya mkono wa kulia na mashine kazini, mwajiri akadai ni uzembe wangu, kisha akaniachisha kazi. Asanteni sana mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kutosaini ile karatasi ya "sina madai zaidi" ambayo mwajiri alitaka niisaini, ingawa bahasha ya pesa ilikuwa pale mezani na kodi ya nyumba inanidai. Kilichombana mwajiri ni picha ya mashine ikiwa haina kikinga, aliyoipiga mwenzangu siku ileile, pamoja na ripoti ya daktari. Fidia ya jeraha nimelipwa.

Madai ya kuachishwa kazi yametupwa: nilichelewa kuyafungua, muda wa kisheria ukapita. Mlinionya, nikapuuza. Sasa najifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.