Naomba ushauri: Chongqing inanichanganya, nianzie wapi?

Wakuu, habari za majukumu. Niko Chongqing, China, begi mgongoni, na mji umenishinda kuusoma. Unaingia jengo kutoka barabarani, unapanda lifti ghorofa kadhaa, ukitoka unakuta barabara nyingine na magari yanapita! Ramani ya simu inasema nimefika, kumbe ninapopatafuta pako juu ya kichwa changu. Kwenye stesheni ya Liziba nimeona treni ikipenya katikati ya jengo la makazi. Hongyadong, yale majengo ya ghorofa ghorofa kando ya mto, usiku taa zinapendeza, ila msongamano ni Kariakoo ya sikukuu.

Mliowahi kuishi huku: kwa bajeti ya kuungaunga, niende kuona michongo ya miamba ya Dazu, au nibaki nivuke mto Yangtze kwa kile kigari cha kwenye waya? Na ule mchuzi wa pilipili wa kuchemshia nyama mezani, wa halali naupata mtaa gani?