Mama anachomwa mionzi, tumbo na mkojo vinamtesa. Tuendelee au apumzike kwanza?

Binti_Kilosa:
Habari za humu wakuu. Mama yangu ana miaka 58, ana saratani ya mlango wa kizazi. Yuko kwenye mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, Jumatatu mpaka Ijumaa, na kila wiki anatundikiwa dripu ya kemo (dawa za kuua seli za saratani). Mwanzoni alikuwa mzima kabisa, tukasema Mungu katuonea huruma. Sasa anaharisha, mkojo unamuunguza, akipanda ngazi lazima akae chini. Ngozi kwenye mpasuo wa makalio imekuwa nyeusi na inachubuka. Shangazi anasema mionzi inamuunguza mama ndani kwa ndani, tuache wiki mbili apate nguvu. Dada naye kakataza wanawe wasilale na bibi yao, eti watapata mionzi. Naombeni ushauri, hasa mliopitia.

Mtu_wa_Pwani:
Pole sana. Chemsha majani ya mstafeli, anywe kutwa mara tatu, hiyo mionzi hataihitaji. Njoo PM.

Sista_wa_Zamu:
Mtu wa Pwani, mgonjwa anaharisha wewe unampa majani ya kuchemsha? Tuheshimiane.

Binti, pole. Mionzi inaharibu vinasaba vya seli, na seli zinazojizalisha haraka ndizo zinazoumia mapema: za saratani, lakini pia za utando wa utumbo na za ngozi. Ndiyo maana mwanzoni alikuwa mzima. Seli za zamani zilikuwa bado zipo, mpya ndizo zimepungua. Utumbo na kibofu vimepakana na kizazi, haviwezi kukwepa kabisa. Haya ya sasa kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kadhaa baada ya kumaliza.

Kuacha wiki mbili, hapana. Seli za saratani nazo zinajikarabati, zinaota upya. Kwa saratani hii tunataka tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani (ile inayowekwa kupitia ukeni, karibu na uvimbe), iishe ndani ya wiki 8. Akizidiwa, daktari ndiye wa kusimamisha, si shangazi.

Wajukuu walale na bibi yao. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, ni kama taa ikishazimwa.

Swali: anakunywa maji?

Binti_Kilosa:
Dada, amepunguza sana. Anasema kila akikojoa ni moto, bora asinywe.

Sista_wa_Zamu:
Hapo ndipo penye tatizo. Vituo vingi vinamtaka mgonjwa apande mezani kibofu kimejaa, kwa sababu kibofu kilichojaa kinausukuma utumbo mwembamba juu, unatoka kwenye njia ya mionzi. Kikiwa kitupu, utumbo unashuka na kuchomwa zaidi, kuharisha kunazidi. Muulize mtaalamu wa mashine utaratibu wa mama ni upi. Mkojo upimwe pia, huenda ana maambukizi mbali na athari za mionzi. Na akipata homa akiwa kwenye kemo, hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Chakula: maharage, mboga za majani nyingi, pilipili na maziwa viwekwe kando kwa sasa. Wali mweupe, viazi, ndizi mbivu, ORS kidogo kidogo. Pale palipochubuka paoshwe kwa maji ya uvuguvugu, pakaushwe kwa kugusagusa. Asipake chochote ambacho hakuandikiwa, na alama za wino alizochorwa za kulengea mionzi zisifutwe.

Mama_Wawili_Tanga:
Mimi nilitibiwa saratani hiyo hiyo. Kuharisha kulipita. Kuna mengine yanakuja baadaye na hayasemwi, labda kwa aibu. Mionzi inaacha makovu ndani: uke unakauka na kusinyaa, hata kupimwa inakuwa taabu. Aulize kuhusu vipanuzi vya uke, hata kama hana mume. Mimi mwaka uliofuata nilianza kuona damu chooni, nikajua saratani imerudi. Kumbe ni utumbo uliochomwa, nikapewa dawa ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa.

Shika hili: daktari yeyote atakayemwona huko mbele, hata miaka 10 ijayo, aambiwe kwamba mama alichomwa mionzi ya nyonga. Nyama ile haiponi vizuri ikikatwa, hata kukatwa kipande kidogo tu cha kupeleka kwenye kipimo kunaweza kuacha tundu. Mifupa ya nyonga nayo inakuwa dhaifu, asipuuze maumivu.

Kijiwe_Mwanza:
Nje ya mada kidogo. Mzee wangu alichomwa shingoni. Hakuharisha hata siku moja ila mate yalikauka, chakula hakina ladha. Meno mabovu walimng'oa kabla ya kuanza, maana taya likishapigwa mionzi ukang'oa jino, kidonda kinaweza kugoma kupona. Kila mtu anaumia pale alipopigwa. Uchovu tu ndio wa mwili mzima.

Binti_Kilosa:
Asanteni sana. Shangazi nimemsomea, kanuna. Mama kakubali maji kwa sharti yawe ya vuguvugu. Kesho tunapima mkojo kabla ya foleni ya mashine, nitaleta mrejesho.