Tupeane uzoefu: swichi, koki na vitufe vya vyombo vya nyumbani visivyofikika kwa kimo chako, mlifanyaje?

Nyegezi, mwanzisha uzi

Mwadila wana Mwanza, na wengine wote mnaosoma, habari za jioni.

Nina kimo cha sentimita 126. Nimezaliwa hivi, nina watoto wawili, ni fundi cherehani. Mume wangu ana futi 6. Tunatumia jiko moja, friji moja, mita moja ya umeme. Tulipojenga, fundi hakuuliza nyumba ni ya nani na nani. Alinyoosha mkono wake, akatia alama ukutani, akatoboa.

Kilichonifanya niandike ni usiku mmoja mwezi uliopita. Mume alikuwa Sengerema kikazi, uniti zikaisha saa 3 usiku. Nikanunua umeme kwa simu, tokeni ikaja, tarakimu 20. Kidude cha kuingizia tokeni kimefungwa juu ya fremu ya mlango wa sebuleni. Nikaburuta kreti la soda, juu yake nikaweka kigoda, nikapanda. Sasa simu ndiyo yenye tokeni, na simu hiyohiyo ndiyo tochi. Nikashuka, nikaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, nikapanda tena. Mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine unabonyeza. Kioo cha kile kidude ukikitazama kutokea chini namba zinafifia, unaona rangi ya kijivu tu. Nilipofika tarakimu ya kumi na ngapi sijui, nikapotea. Nikaanza upya. Mwanangu wa miaka minne alikuwa chini amekumbatia miguu ya kigoda, ananiambia, "Mama usiogope, nimekushika."

Umeme uliwaka mara ya tatu. Nilishuka, nikakaa sakafuni, nikalia.

Naomba tupeane uzoefu. Swichi, jiko, friza, mashine ya kufulia, feni, chochote. Ulikwama wapi, ukafanyaje, kiligharimu nini. Wafupi, warefu, wenye viti vya magurudumu, wenye wazee ndani, karibuni wote.

Igoma, fundi umeme wa majumbani

Dada pole sana. Nimesoma mara mbili, na naomba radhi kwa niaba ya sisi mafundi, kwa sababu hicho ulichoeleza nimekifanya mwenyewe katika nyumba za watu. Swichi tunaziweka usawa wa bega la fundi, soketi karibu na sakafu, na kila kinachoonekana cha hatari tunakipeleka juu. Hakuna anayeuliza.

Nianze na kidude chako. Mita za siku hizi nyingi mita yenyewe iko kwenye nguzo au nje, na ndani unapewa kidude cha kubonyezea tokeni, kile watu wanachokiita rimoti ya LUKU. Nyingine zinachomekwa kwenye soketi yoyote ya nyumba hiyo. Kama yako ni ya aina hiyo, haina sababu ya kukaa juu ya mlango. Ichomeke kwenye soketi iliyo usawa wa kifua chako. Kama ni mita nzima imefungwa ukutani, usimwite fundi wa mtaani kuihamisha, mita ni mali ya shirika la umeme na ina lakiri. Unaandika maombi, wanakuja wenyewe.

Kuhusu vipimo: Uingereza nyumba mpya zinatakiwa swichi na soketi ziwe kati ya sentimita 45 na 120 kutoka sakafuni. Marekani viwango vyao vya majengo yanayofikika vinasema kitu cha kushika kwa mkono kisizidi sentimita 122 na kisiwe chini ya 38. Nikiangalia hizo namba na watu ninaowafungia kazi, mimi sasa swichi naziweka 100 hadi 105, soketi 50. Mtu wa futi 6 haumii kushusha mkono kidogo. Aliye kwenye kiti cha magurudumu anafika. Wewe wa 126, swichi iko chini ya jicho lako, unaiona na unaifikia.

Na hilo la kuona msilisahau. Kufika ni jambo moja, kusoma kioo ni jingine.

Gharama iko hapa: kabla ya plasta, kushusha boksi la swichi ni dakika chache za nyundo na tindo. Baada ya plasta na rangi unachimba mfereji upya, unavuta waya upya, unaziba, unapaka rangi ukuta mzima maana kiraka kitaonekana. Kwa hiyo mwenye nyumba awepo siku ya kutia alama, na si baba mwenye nyumba peke yake.

Kirumba, muuza samaki

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi si mfupi kama dada wa Nyegezi, nina futi 4 na inchi 10, ila friza ya kulala imenitesa miaka.

Nafuata samaki soko la Mwaloni alfajiri, sato na sangara, nagandisha, nauza rejareja. Friza ikijaa hakuna shida. Ikibaki robo, samaki wako chini kabisa na mimi niko juu. Nilikuwa natanguliza tumbo kwenye ukingo, miguu inaning'inia, mkono unakwangua barafu. Siku moja nilikuwa mjamzito wa miezi sita nikateleza kichwa kikatangulia ndani. Ukingo ulinibana hapa chini ya mbavu. Nashukuru Mungu mtoto alizaliwa salama, lakini siku hiyo sikuuza kitu, nilikaa kimya tu.

Na kile cha kuongeza na kupunguza baridi kiko chini kabisa karibu na mota, vidole vinne kutoka sakafuni, tena kinazungushwa kwa sarafu. Mama mkwe wangu ana magoti, hawezi kuinama pale. Kijana anayepiga deki alikigonga na ufagio bila kujua, asubuhi tukakuta maji mekundu sakafuni na sato wamelegea.

Nilifikiri kuinua friza juu ya matofali ili kile cha chini kipande. Lakini ukiinua friza, mdomo wake nao unapanda, na chini ya friza kunakuwa mbali zaidi na mkono wangu. Nikaacha. Nilichofanya: samaki nawapanga kwenye vikapu vya plastiki, tabaka juu ya tabaka, kila kikapu kina kamba ya nyavu kuukuu ndefu hadi juu. Navuta kamba, kikapu kinakuja. Mbele ya friza fundi seremala amenitengenezea jukwaa la mbao, kimo sentimita 20, refu sawasawa na friza yenyewe. Si kigoda. Kigoda unasahau kinaishia wapi, unakanyaga hewa. Na kile cha baridi nimekiwekea alama ya rangi ya kucha mahali panapotakiwa, mtu yeyote akipita anaona kama kimehama.

Buhongwa, mama wa watoto wadogo

Dada zangu nawaelewa, ila naomba na upande wetu usikike. Kila mnachokishusha, mtoto naye anakifikia.

Kwetu jiko la gesi la plate mbili lilikuwa kwenye meza fupi kwa sababu mama yangu anapika ameketi. Mwanangu alikuwa na mwaka na nusu. Mimi niko uani naanua nguo, nasikia harufu. Naingia, amezungusha koki zote mbili, amesimama anacheka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, yaani inatuama pale pale alipo mtoto. Nilimnyakua, nikafungua mlango na madirisha, sikugusa swichi yoyote, nikafunga regulata. Mikono ilitetemeka hadi jioni. Tangu siku hiyo jiko liko juu, na mama anapika akiwa amesimama ingawa anaumwa mgongo. Niambieni nilikosea wapi.

Nyegezi, mwanzisha uzi

Dada wa Buhongwa hukukosea, uliogopa, na mimi ningeogopa. Pole. Lakini sikiliza na hili kutoka kwangu: ukifanya urefu ndiyo kufuli, mimi nafungiwa nje pamoja na mtoto. Na mama yako naye amefungiwa.

Mimi nina jiko chini, sentimita 70 kutoka sakafuni, na nimelea watoto wawili hapo. Koki za jiko langu zinachomoka. Nikimaliza kupika nafunga regulata kwanza, naacha moto ujizime wenyewe kwa kumaliza gesi iliyobaki kwenye mpira, ndipo nafunga koki, nazichomoa, nazitia kwenye mfuko wa aproni. Mtungi uko nje ya ukuta kwenye kibanda chake chenye matundu chini. Mtoto akifika kwenye jiko anakuta vijiti viwili vya chuma asivyoweza kuvizungusha. Mrudishe mama kwenye kiti chake.

Buhongwa, mama wa watoto wadogo

Hilo la kuchomoa koki sikuwahi kulifikiria. Nimekwenda kujaribu sasa hivi, zinatoka. Asante dada.

Pasiansi

Mimi nitaongezea jiko la mtumba. Lilikuja kutoka nje, la umeme, kubwa, zuri, swichi zote ziko kwenye ubao wa nyuma. Kuzima plate ya mbele unapitisha mkono juu ya plate inayowaka. Mrefu anapita juu kabisa, hasikii kitu. Mke wangu mkono wake unapita chini, karibu na sufuria. Mkono wa dera ulishika joto ukayeyuka, alibaki na kovu kwenye kiwiko. Baadaye nilisoma kwamba hukohuko Marekani viwango vya majiko yanayofikika vinakataza swichi zinazomlazimu mtu kupitisha mkono juu ya moto. Tuliliuza. Nawasihi mkienda kununua jiko msiende wanaume peke yenu. Aende atakayepikia, asimame mbele yake dukani, anyooshe mkono.

Bwiru

Baba yangu alipata kiharusi, yuko kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia haufanyi kazi. Feni ya ukutani ina kamba mbili fupi huko juu. Nimeziunganishia uzi wa kuvulia, mwishoni nimefunga shanga kubwa mbili, moja ya mbao moja ya plastiki, anazitofautisha kwa kupapasa hata gizani. Ya mbao kuwasha na kasi, ya plastiki kuzunguka. Sikutumia hata shilingi elfu mbili. Kabla ya hapo alikuwa anaita mtu usiku kucha, au haiti, analala na jasho kwa kuona aibu ya kutuamsha.

Kisesa, mrefu

Na sisi warefu tupo, sentimita 195. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele nilikuwa naisoma nikiwa nimepiga magoti. Nimeijengea msingi wa tofali mbili uliosakafiwa, na mpira chini isitembee ikikamua. Mgongo umepona. Ila nikisoma hapa naona mdogo wangu aliye kwenye kiti cha magurudumu alipokuja likizo hakuigusa kabisa, na sikujiuliza kwa nini.

Igogo

Maikrowevu juu ya friji. Kila nyumba niliyopanga iko hapo. Unashusha bakuli la supu ya moto kutoka juu ya uso wako, huoni ndani. Mdogo wangu wa kike aliungua shingo na kifua. Ishusheni leo hii, hata ikikaa juu ya meza ya kulia.

Malimbe, mwanafunzi

Naongeza machache ya darasani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikatungwa 2010. Kifungu cha 9 cha mkataba kinahusu kufikika. Ila hakuna askari wa sheria atakayeingia jikoni kwako kupima swichi, hapo ni sisi na mafundi wetu.

Fikra ya kutengeneza kitu kimoja kinachomfaa kila mtu ilisukumwa sana na Ron Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu. Mwaka 1997 yeye na wenzake wa North Carolina walitoa kanuni saba za usanifu wa namna hiyo. Ya mwisho inagusa kabisa uzi huu: ukubwa na nafasi ya kumwezesha mtu kukifikia na kukitumia chombo, kwa mwili wowote na kimo chochote. Na viwango vya Marekani vinaongeza kwamba koki au kitufe kiendeshwe kwa mkono mmoja, bila kubana kwa nguvu wala kuzungusha kifundo cha mkono. Nimemfikiria baba wa Bwiru.

Nyegezi, mwanzisha uzi

Narudi na majibu. Fundi wa Igoma, rimoti yetu kweli ilikuwa ya kuchomeka. Miaka mitatu imekaa juu ya mlango kwa sababu aliyeiweka alikuta soketi ya ziada huko juu. Sasa iko kwenye soketi ya kando ya cherehani. Jana nimeingiza tokeni nimeketi kwenye kiti changu, namba zote zinasomeka.

Jumamosi tunaanza chumba cha nyuma, bado matofali matupu. Nimemwambia fundi hatatoboa nisipokuwepo. Tulisimama wote wanne ukutani, mume, mimi na watoto, kila mtu akanyoosha mkono bila kujikakamua, akachora mstari wa penseli. Mstari wa mume na wangu imekutana kwenye sentimita 104.

Kilichobaki kinanishinda: shawa ya umeme. Swichi yake kubwa iko nje ya bafu, hiyo tutaishusha. Lakini kile cha kubadilisha joto kiko kwenye kichwa chenyewe cha shawa, juu kabisa, na sitaki kukigusa kwa fimbo nikiwa nimelowa. Aliyewahi kulitatua hili, mfupi au fundi, anieleze kabla ya Jumamosi.