Naomba ushauri: nasoma historia ya Ulaya ya Enzi za Kati, nimekwama kwenye mawe ya kusagia

Mjukuu wa Mpwapwa

Wakuu, habari za usiku.

Niko mwaka wa pili, ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Muhula huu tuna kozi ya Ulaya ya Enzi za Kati, na kusema kweli niliingia darasani nimenuna. Ukabaila, ule mfumo wa wakulima kuishi chini ya bwana wa ardhi, nilishaukariri kidato cha tano: sifa zake, sababu za kuanguka kwake, unamwaga kwenye karatasi ya mtihani, ukifika getini umeshausahau. Nikajua ni yale yale.

Na wiki za mwanzo yalikuwa yale yale. 1066, William anavuka kutoka Normandy, Harold anakufa Hastings, ardhi inagawiwa wakubwa wapya. Nilianza kuinua kichwa tulipofika mwisho wa 1085, huyo William alipoamuru nchi nzima iandikwe, nani ana nini, kazi ikafanyika 1086. Kitabu chao hicho, Domesday, sehemu nyingi msitu hakikuupima kwa eneo. Wamepima kwa nguruwe: msitu huu ni wa nguruwe kadhaa, ule wa nguruwe kadhaa. Babu yangu naye ukimuuliza shamba lake ni kubwa kiasi gani atakwambia la siku nne za jembe. Halafu kuna mtawa mmoja wa wakati huo analalamika kwamba hakubaki ng'ombe wala nguruwe ambaye hakuandikwa. Nilicheka peke yangu maktaba, dada wa kaunta akanitazama.

Kilichonileta hapa ni kingine. Tulipofika maasi ya wakulima ya Uingereza ya 1381 nikakutana na kisa cha St Albans, mji ulio kaskazini ya London. Mji ulikuwa chini ya abasia, yaani nyumba ya watawa, na abati, mkuu wao, ndiye bwana. Nafaka umelima mwenyewe, umevuna mwenyewe, lakini kusaga ni lazima kwenye kinu cha abati, na unalipa kwa kuachia sehemu ya nafaka yako. Watu wakawa wanasaga kimyakimya majumbani kwa mawe ya mkono. Abati mmoja, Richard wa Wallingford, akayakusanya mawe yao na kuyatandaza yakawa sakafu ya chumba cha maongezi pale abasia. Sakafu, wakuu! Mtu akienda kumlilia abati shida zake, anakanyaga jiwe la mama yake.

Ilipita kama miaka 50. Siku maasi yalipofika, watu wakaingia humo, wakayang'oa yale mawe, wakayavunja na kugawana vipande, kila mmoja na chake, kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa kanisani Jumapili.

Nilifunga kitabu. Bibi yangu ana jiwe la kusagia nyuma ya jiko, limelika katikati mpaka limekuwa kama hori. Mashine ya kusaga iko kijijini siku nyingi, lakini jiwe halitoi. Anasema alikabidhiwa na mama mkwe wake.

Sasa shida yangu. Tuna insha ya maneno 3,000, mada unachagua mwenyewe, mwisho Ijumaa. Mimi nataka kuandika juu ya yale mawe. Wenzangu wa kundi wananiambia nitasapu, yaani nitafeli nirudie mtihani, niandike "sababu za kuanguka kwa ukabaila" kama watu wote. Baba mdogo, ambaye ada yangu ya juu anamalizia yeye, kaniuliza hao Wazungu waliokufa watanipa ajira gani. Na kuna kitu kinanikera ndani: Maji Maji nimefundishwa tangu shule ya msingi, sikuwahi kufunga kitabu. Iweje niguswe na wakulima wa Uingereza kuliko na watu wa kwetu? Najiona kama msaliti hivi.

Nifanyeje?

Mzee wa Buza

Andika mawe. Boom, hela ya mkopo, likitoka mnunulie bibi kanga.

Kidume cha Hesabu

Nchi ina uhaba wa walimu wa hesabu na fizikia, wewe unalia na mawe ya 1381. Baba mdogo kasema kweli. Badili kozi mapema.

Senene Mbichi

Mkuu, mimi ni wa Muleba na nina neno moja tu la tahadhari. Najua utakapofika kwenye insha utataka kuleta nyarubanja, ule mfumo wa ardhi wa kwetu Buhaya, ili ionekane umeunganisha na nyumbani. Sote tulifanya hivyo. Vitabu vya shule vimepanga kwenye mstari mmoja: nyarubanja Buhaya, ubugabire Burundi na Buha, umwinyi pwani, vyote "ukabaila", kwisha.

Babu yangu alikuwa mtwarwa, mkulima aliyekaa kwenye ardhi ya nyarubanja. Kibanja alikaa nacho yeye, migomba aliipanda yeye, na mwenye nyarubanja alipelekewa sehemu yake. Ukisikia hivyo unasema huyu hapa mtwana wa Ulaya, mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Lakini nyarubanja aliyoijua babu ni ile iliyopita kwanza mikononi mwa Wajerumani, halafu Waingereza, wakaiingiza kwenye sheria zao, mpaka Serikali yetu ilipoifuta miaka ya 1960. Hiyo siyo Enzi za Kati, hiyo ni juzi, ina mihuri ya ofisi ya wilaya. Ukiipachika kwenye St Albans bila kueleza hayo, mhadhiri anayejua kazi yake atakukata.

Hata huko Ulaya kwenyewe, tangu miaka ya 1970 wanahistoria wao wanabishana kama hilo neno ukabaila lina faida yoyote. Watu wa 1381 hawakujua kama wanaishi kwenye "mfumo". Walijua abati kawachukulia mawe.

Binti wa Wete

Assalaam aleikum. Hayo mawe mnayoyasema, ya duara mawili, la juu linazungushwa kwa mpini, kwetu ni kijaa. La bibi yako wa Mpwapwa ni jingine, hilo la kusukuma mbele na nyuma kwa mikono miwili umepiga magoti. Usiyachanganye kwenye insha yako.

Halafu nikuulize, mwanangu. Kusaga ni kazi ya nani? Umetwambia abati kachukua mawe, watu wakayang'oa, watu wakagawana. Watu gani? Mawe yale walikuwa wakiyazungusha wanawake na watumishi wa nyumba. Abati alipoyachukua, aliyepunguziwa kazi ni nani, na aliyepelekwa foleni ya kinu na mfuko begani ni nani? Pengine kuna mama alifurahi kidogo, wallahi, mikono ikapumzika. Mimi nimesaga, nakijua kile kiuno cha asubuhi. Na walioingia kuvunja sakafu, kisa chako kinawataja wanawake? Kama hakiwataji, hapo pana insha.

Mzee wa Buza

Nimerudi. Hayo maasi chanzo chake si kodi? Niliwahi kusoma mahali.

Chaki na Vumbi

Ndiyo, Mzee, kodi ya kichwa. Walitoza 1377 peni 4 kwa mtu, wakatoza tena 1379 kwa madaraja, halafu 1380 wakapandisha hadi peni 12, kila mwenye miaka 15 na kuendelea. Watu wakaanza kupungua kwenye daftari kimiujiza, wajane na mabinti hawaandikwi. Serikali ikatuma wakaguzi vijijini, na moto ukawakia hapo.

Mzee wa Buza

Hahaha! Mgambo wanakuja alfajiri, wanaume wote wako porini. Baba yangu alilala kwenye shamba la mihogo siku tatu. Kumbe ni mchezo wa zamani.

Chaki na Vumbi

Mjukuu, nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Kabla hujaandika mstari mmoja jiulize kisa hicho kimetufikia kwa mkono wa nani. Ni wa Thomas Walsingham, na Walsingham alikuwa mtawa wa abasia ile ile ya St Albans. Yaani aliyetuandikia habari za waasi ni mtu wa upande wa abati, na aliwachukia hao wakulima waziwazi. Huo mfano wa mkate uliobarikiwa usiupokee hivi hivi. Yawezekana anatwambia walivyofanya. Yawezekana pia anataka msomaji ashtuke, aone hawa watu wameikejeli ibada. Maneno 3,000 yanaweza kuishia hapo tu: adui anapotusimulia, tunasikia sauti ya nani?

Pili, usiishie siku ya furaha. Wat Tyler, kiongozi wa maasi, aliuawa Smithfield, London, tarehe 15 Juni mbele ya mfalme Richard wa Pili, mtoto wa miaka 14. Hati za uhuru walizopewa wakulima zilifutwa mwanzoni mwa Julai. Kiongozi wa watu wa St Albans, William Grindecobbe, alinyongwa Julai hiyo hiyo, na padri John Ball, mhubiri wa waasi, aliuawa pale pale mjini. Waliokuwa na vipande vya mawe ndani sijui walivilalia vipi. Utwana haukuisha kwa maasi yale. Ulikuja kunyong'onyea taratibu katika karne iliyofuata, na mkono mkubwa ulikuwa wa tauni. Ilifika Uingereza 1348 ikaua watu wengi mno, vibarua wakawa adimu, wakaanza kutaja bei. Wakubwa wakatunga sheria ya 1349 na nyingine ya 1351 kurudisha ujira uwe kama kabla ya tauni. Kama sheria ingetosha, wasingehitaji ya pili.

Sasa hilo la usaliti. Maji Maji ulifundishwaje? Nakuhakikishia ulifundishwa kama nilivyoifundisha mimi: chanzo, matukio, matokeo, kengele. Hakuna aliyekupa jiwe la mtu ulishike. Lakini yapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kukaa na wazee waliokuwa hai wakati wa vita, wakaandika walichosimuliwa. Nenda kaulizie maandishi hayo kwenye maktaba ya chuo chako. Walsingham hakwenda kumuuliza mkulima yeyote, na leo hakuna wa kumuuliza. Sisi wetu tuliwahi kuwauliza, ila darasani hatusomi majibu yao.

Usiogope Kilatini. Vyanzo vingi vimeshatafsiriwa Kiingereza, na Chuo Kikuu cha Fordham cha New York kina mkusanyo mkubwa intaneti, bure. Pakua usiku, bando la chuo likiwa jepesi.

Ughaibuni Mkavu

Niko Ujerumani huku. Ukipata nafasi tafuta picha ya sanamu ya Mtakatifu Maurice, kanisa kuu la Magdeburg. Ni ya karne ya 13. Mwanajeshi mweusi, pua yetu, midomo yetu, kavaa deraya ya minyororo. Nilikwenda kwa ajili ya kuota moto tu maana nje ni baridi, nikamkuta. Nilisimama pale nusu saa. Hao watu tunaodhani hawakutuwaza kabisa, walikuwa na mtakatifu mweusi kanisani.

Kidume cha Hesabu

Sawa, nimesoma uzi wote, nimeshindwa kulala. Nina mchango mmoja halafu nanyamaza.

Leonardo wa Pisa, huyu wanayemwita Fibonacci, mwaka 1202 aliandika kitabu cha kuwafundisha wafanyabiashara wa Ulaya kuhesabu kwa tarakimu hizi tunazotumia. Alijifunza akiwa kijana Afrika Kaskazini, mji wa Bugia, Algeria ya leo, baba yake alikuwa na kazi huko. Ile alama ya kutokuwa na kitu Waarabu waliiita sifr. Yeye kwa Kilatini akaandika zephirum, Waitaliano wakaifupisha mpaka ikawa zero. Sisi tuliichukua sifr moja kwa moja, tukasema sifuri.

Kwa hiyo sisi wa hesabu mnatudai shukrani hata kwenye Enzi zenu za Kati, au tuseme mna deni kwetu. Bado nasema badili kozi.

Senene Mbichi

Kidume kumbe ana moyo.

Mjukuu wa Mpwapwa

Wakuu, asanteni sana. Shikamoo Mzee wa Buza, shikamoo mwalimu, shikamoo mama wa Wete.

Jana niliingia ofisini kwa mhadhiri nikiwa na karatasi moja. Nilikuwa nimeandika juu: "Mawe ya St Albans na kuanguka kwa ukabaila". Akachukua kalamu, akakata "na kuanguka kwa ukabaila" chote. Akaniuliza, nani kakusimulia? Nikamjibu, Walsingham, mtawa wa abasia ile ile. Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Kanipa siku kumi.

Swali la mama wa Wete nimeliandika ndiyo swali langu. Nimesoma kisa mara tatu nikiwatafuta wanawake, bado sijawaona. Nyarubanja nimeiacha nje kabisa, Senene, nimeogopa. Ya Maji Maji nimeulizia maktaba, wamesema wataangalia, nirudi Jumatatu.

Nimempigia bibi pia. Nikamsimulia yote, abati, sakafu, watu kung'oa mawe. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Na waliyavunja ya nini sasa? Si wangeyarudisha tu wakasagie?"

Binti wa Wete

Huyo bibi yako namtaka nambari yake.