Naomba ushauri: kutoka Magu kwenda Geita, tukunje Kisesa au tupite mjini Mwanza?

Ndugu zangu, habari za leo. Natarajia kusafirisha dagaa wakavu kwa Fuso kutoka Magu hadi Geita, na kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko pale Kigongo hainitishi tena. Shaka yangu ni makutano ya barabara. Je, gari likunje Kisesa na kutokea Usagara, au liendelee mjini kupitia Igoma, ambako bodaboda (wenyeji mnawajua) hukatiza mbele ya gari lenye mzigo bila hata kuonyesha ishara? Ningependa hasa kufahamu hali ya Usagara usiku, magari ya Shinyanga yanapokutana na yale yanayoelekea Busisi, kwa sababu dereva wangu ni mgeni huku Kanda ya Ziwa.