Usukani unacheza na mbele kunagonga: nianze na raki, alaimenti au bushi?

Kiberenge: Wakuu, heshima kwenu. Gari langu lina miaka 24. Usukani nauzungusha upana wa vidole viwili ndipo matairi yanajibu, na kwenye barabara nyoofu linatangatanga. Nikikanyaga breki taratibu, chini panagonga "ko!" mara moja. Fundi wa kwanza kasema raki, ile mashine ya meno inayogeuza matairi, imekwisha; wa pili kasema alaimenti tu, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi. Nimsikilize nani?

Mzee wa Spana: Hakuna. Alaimenti juu ya viungo vilivyolegea ni sawa na kumpima urefu mtoto anayerukaruka. Raki nayo usiiguse kwanza. Pandisha mbele kwa jeki, weka stendi, shika tairi kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, ni tairodi (fimbo inayounganisha raki na tairi) au raki. Kisha shika juu na chini: hapo ni beringi au boljointi (kiungo cha gololi kinachoshika tairi). Mtu akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi.

Mama Klachi: Jeki peke yake haitoshi, mkuu. Gari likae chini kwa uzito wake, handibreki juu, injini inawaka. Mtu achezeshe usukani kidogo tu kushoto kulia, wewe pitisha vidole kiungo kwa kiungo. Kilichochoka kinakudunda mkononi kabla jicho halijakiona. Mimi niliruka hatua hii nikafunga raki ya mtumba, na mchezo ukabaki palepale. Kumbe ni ule msalaba wa shafti ya usukani, karibu na pedali. Raki yangu ya zamani, nzima kabisa, iko stoo mpaka leo. Huwa sipendi kuiangalia.

Jiwe la Kona: Hiyo "ko!" ya breki mimi naiweka kwa bushi (mpira wa kiungo) ya nyuma ya kontroli amu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi chini ya gari. Ukifunga breki tairi linarudi nyuma, na amu inafuata kama mpira umechanika. Linki za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) hulia tofauti, koko-koko kwenye vishimo vidogo. Chomeka mtaimbo uisukume uone.

Kiberenge: Na ikiwa ni bushi, nibadili bushi tupu au amu nzima?

Mzee wa Spana: Amu nzima, hasa kama boljointi imepigwa ribiti. Unapata bushi na boljointi mpya kwa mpigo, na hutafuti presi, mashine ya kusukumia bushi.

Jiwe la Kona: Hapo tunatofautiana, mzee wangu. Amu nyingi za rahisi boljointi yake hulegea mapema. Kama amu ya asili haijapinda na boljointi ni nzima, mimi napiga bushi nzuri kwa presi, si kwa nyundo. Za poliyurethani hudumu, ila kila kokoto utalisikia kitini.

Mzee wa Spana: Sawa, lakini hili halina ubishi: bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekalia matairi. Ukizikaza tairi linaning'inia, mpira unabaki umejipinda na utachanika upesi.

Kiberenge: Mrejesho. Mke wangu kashika usukani, mimi nikalala chini. Tairodi ya nje kushoto inadunda kidoleni kama mapigo ya moyo, na bushi ya nyuma imechanika hadi naona mwanga upande wa pili. Boljointi ilikuwa na mchezo pia, kwa hiyo nimeweka amu nzima, samahani Jiwe. Tairodi nimebadili pande zote mbili, alaimenti ikaja mwisho. Gari linakwenda mstari mmoja. Raki haikuwa na kosa lolote. Ila sasa nikizungusha usukani gari limesimama, nasikia "twang!" upande wa kulia.

Mama Klachi: Springi inajikunja halafu inajiachia. Beringi ya maunti ya juu ya shokapu, yaani kishikizo chake kwenye bodi, imekauka.

Kiberenge: Nilale chini tena?

Mama Klachi: Hapana, safari hii fungua boneti. Weka kiganja juu ya ile maunti, shemeji azungushe usukani.